Ziwa la Tatu

"Ndiyo, hapa kwetu kuogelea kunaruhusiwa," sauti ilisema kwenye simu, na msusi akapiga ukelele. Mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, aliruka akidhani amemwagiwa yale maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta.

"Samahani, mpenzi wangu," msusi alisema huku akicheka. "Nimepata ziwa!"

Mteja akamwomba amalizie kwanza upande wa kushoto, halafu ndipo apate hata bahari akitaka.

Usimcheke msusi. Bwawa la manispaa, alikojifunza kuogelea akiwa na miaka arobaini na ushee, watoto wa watu wakimzomea, lilikuwa limefukiwa ili pajengwe maegesho ya magari. Kila asubuhi kabla ya kufungua saluni alikuwa anakwenda pale. Kwa ajili ya maji yale alikata nywele zake zote, msusi mzima, na wateja wakachoka kumwambia kwamba kweli kinyozi hajinyoi. Tangu bwawa lifungwe, mgongo ulikuwa unamuuma, usingizi umemruka, na mumewe alikuwa ametamka waziwazi kuwa nyumba haikaliki.

Ndiyo maana alikuwa akitafuta ziwa, na ndiyo maana alikuwa akimsumbua wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa udereva. Wifi alikuwa na gari, sauti ya kupasua ngoma za masikio, na hofu ya maji isiyo na mfano. Hata beseni likijaa sana alilipita kwa mbali. Hata hivyo alikuwa amempeleka kwenye maziwa mawili. La kwanza lilikuwa la mamlaka ya maji, na askari wa getini aliwauliza kama wao wangefurahi kunywa chai iliyoogewa. La pili lilikuwa la chama cha wavuvi wa ndoano, na mwenyekiti wao aliwajibu kwa kunong'ona, asije akawashtua samaki, kwamba waondoke.

Hili la tatu ndilo lilikuwa la mwisho ambalo gari lingeweza kulifikia na kurudi siku hiyohiyo. Tena lilikuwa na masharti. Kila mgeni alipimwa uwezo wake wa kuogelea, na siku ya mwisho ya kupima ilikuwa kesho yake, Jumamosi. Atakayeshindwa angengoja mpaka mwakani.

"Wifi," msusi alisema kwenye simu, kwa ile sauti laini ya mwenye shida.

"Najua. Ziwa," wifi alijibu. "Kesho nina wanafunzi, unajua? Haya, nitawaahirisha. Lakini ni kesho tu!"

Njiani msusi hakutulia. Aliimba, aliuliza kama wamekaribia, akauliza tena. Mti wa mwisho ulipopita na maji yakaonekana yote kwa pamoja, mapana, ya kijani, yanametameta, alishika mkono wa wifi kwenye usukani mpaka gari likayumba.

"Utatuua kabla hujazama!" wifi alifoka, lakini naye alikuwa anacheka.

Mlinzi wa ziwa, mzee mkavu mwenye filimbi shingoni, aliwaonyesha boya la rangi ya machungwa lililokuwa likielea mbali. "Unakwenda pale, unalizunguka, unarudi. Mimi nafuata na mtumbwi. Ukipotea njia nitakupulizia filimbi. Ukipotea tena, nakutoa majini. Na hapa, mama, hakuna anayeogelea bila jicho. Mtu wa kukaa nchi kavu, yuleyule kila Jumamosi, kazi yake kukuangalia wewe tu. Jicho lako ni nani?"

"Mimi, kwa leo," wifi alisema. "Jumamosi nyingine nina kazi."

"Basi apimwe kwanza. La jicho mtaelewana baadaye."

Msusi akaingia. Lo, baridi ile! Na utamu wake! Akatia uso majini, akaanza kupiga mikono kwa furaha, nguvu zote, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Hakuna ukuta wa kumzuia. Hakuna mtoto wa kumrukia mgongoni. Alijiona anakwenda kama mshale.

Filimbi ikalia.

Aliinua kichwa. Boya halikuwa mbele yake. Mbele yake kulikuwa na matete, na ndege mmoja mwenye miguu mirefu akimtazama kwa mshangao.

Lilikuwa kosa la watu waliozoea bwawa. Chini ya bwawa kuna mstari wa vigae vya bluu. Unautazama huo, unaufuata, huna haja ya kujua unakwenda wapi. Msusi alikuwa amekuja ziwani akitazama chini vilevile, akitafuta mstari ambao haukuwepo, na mkono wake wa kulia, wenye nguvu kwa miaka ya kukaza nywele za watu, ulikuwa umemsukuma kushoto taratibu mpaka mateteni.

"Moja," mlinzi alisema juu ya mtumbwi. "Bado nafasi moja, mama."

Msusi akageuka huku na huku kati ya matete, hajui ashike njia ipi. Mwaka mzima bila maji! Ndipo sauti ikaja kutoka ufukweni, ile ya kupasua ngoma za masikio.

"Acha kutazama boneti! Nimesema acha boneti! Tazama unakokwenda!"

Ndivyo wifi alivyowapigia kelele wanafunzi wake siku zote. Mwanafunzi mgeni hukodolea macho pua ya gari, na gari huyumba kama mlevi. Akitazama mbali, gari linanyooka lenyewe.

Msusi akageuka, akalitafuta boya, akalipata. Akapiga mikono michache, akainua macho: boya. Michache tena, macho: boya, kubwa zaidi.

"Hivyohivyo! Usiache! Mbele!"

Alilizunguka boya akicheka, akameza maji, akakohoa, akaendelea kucheka. Kurudi hakukuwa na shida yoyote, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kutazama: wifi yake, akipunga mikono miwili. Alimtazama kila alipoinua kichwa. Alipokaribia ndipo alipoona kwamba wifi hakuwa ufukweni.

Alikuwa majini. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni, viatu mguuni, mkoba begani, na bado alikuwa akipiga kelele.

"Wifi," msusi alimwambia akisimama mbele yake, akihema. "Uko ziwani."

Wifi akatazama chini. Akanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika ukoo ule. Kisha akamkumbatia msusi kwa nguvu. "Ulikuwa unaelekea kusiko," alisema. "Ningefanyaje sasa?"

Mlinzi alivuta mtumbwi nchi kavu, akatoa kibali na kalamu. "Umefaulu. Na jicho niandike nani?"

"Mimi," wifi alisema. "Wanafunzi watahamia Jumapili."

Ufunguo wa gari, ule wa kubonyeza, ulikuwa mfukoni mwa wifi, umelowa chapachapa, na gari likakataa kabisa kuutambua. Akauanika juu ya jiwe, akaketi kando yake na soksi mkononi, na msusi akarudi majini.