Duara la Chokaa Mchangani

Tangu kanuni mpya za droni zitangazwe, Castory alikuwa akiota ndoto ile ile. Anaelea juu ya ziwa asubuhi, hana mashine wala mabawa, na maji chini yake ni maangavu hata mawe ya chini yanaonekana moja moja. Anataka kushuka. Kila anapotafuta pa kutua, nchi kavu imekwisha.

Siku ya mtihani aliamka na ndoto hiyo bado imo machoni. Akabeba sanduku la droni, akatoka nyumbani kwake Kasingirima, akateremka polepole kuelekea ufukwe wa Ujiji. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, milima ya Kongo haionekani, na mitumbwi ilikuwa ikitokea mmoja mmoja kama vitu vinavyokumbukwa.

Castory alikuwa mtu wa njia. Alipakia shehena bandarini, akapika melini, akavuka ziwa akakaa huko miaka, akarudi akapiga picha za pasipoti. Shule aliisoma vipande vipande, darasa hili mkoa huu, darasa lile mkoa ule, na mengine kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Goti lilipokataa safari, akanunua droni, akawa anatanga huku amesimama. Alipima mashamba ya michikichi Simbo, akapiga picha za ufukwe unaoliwa na maji Mwamgongo, na watu wakamlipa kwa kazi hiyo. Kwake malipo yalikuwa nyongeza. Kitu chenyewe kilikuwa kule kuinuka.

Zamani kibali cha kurusha kilitaka fomu na kitambulisho. Sasa kilitaka cheti cha macho, mtihani wa kuandika, na kurusha mbele ya mtahini. Asiyefaulu, droni yake inabaki sandukuni. Macho yalikubaliwa. Kuandika alijifunza miezi miwili, kidole juu ya mstari. Kilichomtisha ni sentensi moja: rubani asidake chombo kwa mkono, chombo kitue ndani ya duara.

Castory hakuwahi kutua mchangani hata siku moja. Alikuwa akiingia ziwani hadi mapajani, droni inamjia kutoka upande wa maji, anainua mkono wa kulia na kuipokea kama mtu apokeaye mtoto. Haikuwa mbwembwe. Panga za droni hutimua mchanga, na mchanga ukiingia kwenye dagaa walioanikwa, nani atawanunua? Ufukwe ule hata mbwa hawapiti upepo unakotokea.

Mtahini alikuwa Esther, binti mtaratibu mwenye kofia pana. Alikuwa ameshachora duara kwa chokaa alfajiri, ufukwe ukiwa mtupu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuanze na karatasi au na hewa?"

"Karatasi. Hewa baadaye, ukungu ukiondoka. Saa nane nina ndege ya kurudi."

Wakakaa kwenye kibanda cha chai. Castory aliandika kwa saa mbili, jasho likimtiririka. Esther akasahihisha, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Walipotoka nje, jua lilikuwa limewaka, na ufukwe haukuwa ule waliouacha.

Yalikuwa majuma ya giza, mwezi umefichama na dagaa wakifuata taa za wavuvi, na mitumbwi ilikuwa imerudi imejaa. Akina mama walikuwa wametandaza nyavu kuukuu kila mahali na kuanika dagaa juu yake. Ufukwe mzima uling'aa kama kipande cha ziwa kilichopanda nchi kavu. Katikati ya mng'ao huo lilibaki duara la chokaa, dogo, jeupe, limezungukwa pande zote.

"Tuliona alama ya serikali, tukaikwepa," akasema Melania, kiongozi wa waanikaji. "Hata dagaa mmoja hajaikanyaga."

Castory akatazama mduara, akatazama dagaa. Kuomba hakuwezekani. Dagaa walioanikwa hawaanuliwi jua likiwaka, ila kwa mvua au kwa msiba. Ndivyo alivyowakuta wanaishi, na ndivyo alivyoishi nao.

Akarusha. Droni ikapanda, na yeye akapanda nayo. Kwenye kioo cha rimoti aliona ziwa likifunguka, bluu juu ya bluu, ufukwe mwembamba kama uzi, na kibabu kimoja kimesimama chini na sanduku lake. Alikuwa yeye. Akaenda kwa mraba kama mtihani ulivyotaka, akasimama hewani, akageuka. Kila kitu sawasawa.

"Sasa tua ndani ya duara," akasema Esther.

Vidole vikashusha. Mita kumi. Mita sita. Dagaa wa pembeni wakaanza kutetemeka, na vumbi la kwanza likanyanyuka. Castory hakujua alivyofanya. Alijikuta majini hadi mapajani, droni imezunguka kutoka ziwani, na mkono wake wa kulia umeishika.

"Mzee," Esther akasema taratibu, "hapo umefeli."

"Najua, mwanangu."

"Kanuni inaruhusu kurudia mara moja. Leo. Lakini ni duara lile lile."

"Basi andika tu. Sitawalisha watu mchanga."

Melania alikuwa amesikia. Akajishika kiuno. "Wewe Castory, miaka yote unaoga na suruali kwa ajili ya dagaa wetu, leo unataka tukuone unafungiwa sandukuni na hicho kidubwana chako?" Akawageukia wenzake. "Anueni!"

"Jua hili, dada?"

"Anueni, nimesema!"

Wakainama wote. Beseni zikajaa, nyavu zikakunjwa. Mvuvi aliyekuwa akipita akasimama, akavua kofia. "Poleni. Nani amefariki?"

"Hajafa bado," Melania akamjibu. "Tunamzuia. Lete mikono!"

Mchanga ukabaki mtupu. Castory alirusha tena, macho yamemjaa maji, na cha ajabu aliona vizuri zaidi. Nchi kavu ilikuwapo. Droni ikashuka moja kwa moja. Mkono wa kulia ukamwasha, ukataka kwenda, akaubana kwenye rimoti. Mchanga ukatimka, ukazunguka, ukatulia, bila kumdhuru mtu. Droni ilikuwa imekaa katikati ya chokaa.

"Umefaulu, mzee," Esther akasema, na sauti yake ilimfikia Castory kama inatoka chini ya maji.

Castory aliuchovya ziwani mkono ambao safari hii haukupokea kitu, akaunawa mchanga, akauchukua wavu wa kwanza. Akaanza kutandaza. Baada ya kitambo Esther akavua viatu, akashika upande wa pili.