Sauti Katika Boti ya Starehe

Fyuzi alikuwa amelala chali chini ya usukani, akimenya waya mwekundu kwa meno kwa sababu koleo lake lilikuwa butu. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake. Wengine walisema ni kwa ajili ya kazi yake ya umeme, wengine kwa ajili ya hasira zake. Boti ilikuwa imepakwa rangi mpya, nyeupe pee, na kupewa jina jipya. Ilikuwa boti ileile iliyozama na abiria, ikainuliwa, ikakaushwa, ikageuzwa ya starehe. Mume wa Fyuzi, aliyekuwa nahodha wa boti hiyo, alikuwa gerezani kwa kosa la kuizamisha. Kazi ya kufunga umeme na muziki Fyuzi aliikubali bila kusita. Alitaka kuingia humo kwa miguu yake mwenyewe.

Alifunga betri mbali na tangi la mafuta, akazipaka grisi vichwani ili chumvi isizile, akapitisha nyaya za spika mbali na za taa ili zisivume. Alipowasha, kabla hata hajaweka muziki, spika zikaanza kusema.

"Pakia, nafasi bado ipo." Hiyo ilikuwa sauti ya Tajiri, mwenye boti.

"Imejaa, bosi. Siiondoi," ikajibu sauti ya mumewe.

"Basi toka hapo, nitaendesha mwenyewe."

Zikafuata sauti za injini, za watoto, na za maji. Halafu zikaanza upya.

Fyuzi alilia, akajifuta kwa kiganja chenye grisi. Kisha akapunguza besi, maana ilikuwa inameza maneno ya mumewe.

Tajiri alikuja na mkaguzi wa vyombo. Mkaguzi akasikiliza, akagonga spika moja kwa kidole, akasema sauti ni safi, akagonga mhuri wake akaenda zake. Tajiri, aliyeapa mahakamani kwamba siku ile alikuwa kitandani na homa, akajisikiliza, akakunja uso.

"Itoe hii, weka muziki."

"Sijaiweka mimi, bosi. Boti yenyewe ndivyo inavyosema ikipata umeme."

"Dada yangu, tusichoshane. Inyamazishe, nami nitamtafutia mumeo wakili wa maana. Atatoka."

Fyuzi alimtaka mumewe nyumbani. Watoto walikuwa wameanza kusahau anavyocheka. Akaenda gerezani, akamweleza yote kupitia kwenye wavu.

"Nasikika vizuri?" akauliza mumewe.

"Unapomkatalia, unasikika mpaka ng'ambo."

"Basi ongeza."

"Atakuacha uozee humu."

"Mama watoto, nilimkatalia mbele ya abiria wote wale, na hakubaki hata mmoja wa kusema. Ongeza."

Fyuzi alimpelekea Tajiri jibu hilo kama lilivyo. Tajiri akamfukuza, akaleta fundi mwingine, naye akang'oa kila kitu akafunga vipya. Spika zikasema yaleyale, ila sasa kwa kukwaruza. Wageni walikuwa wameshaalikwa, basi Fyuzi akaitwa tena. Alirudi na spika za honi, zile za mikutano ya hadhara, akazipanga juu ya paa.

Siku ya uzinduzi watu walijaa na wakacheza, maana injini ile ya kwenye spika ilikuwa na mdundo mtamu. Ilipofika "siiondoi", waliitikia kwa pamoja. Hakimu aliyemfunga nahodha naye alikuwepo, kavaa kofia ya jua. Alimfuata Fyuzi kwenye amplifaya, akamwomba kwa adabu apunguze kidogo, hamsikii mkewe anachosema.

"Huyo anayekataa ndiye uliyemfunga," Fyuzi akamwambia.

"Namjua. Alinieleza hivyohivyo mahakamani," akasema hakimu. "Wewe punguza tu."

"Kitufe cha kupunguza sikukifunga, mheshimiwa. Kipo cha kuongeza."

Akakigeuza mpaka mwisho.