Ugoro Ambao Masese Hakuwahi Kunusa

Mara ya kwanza Masese alipokosekana kwenye ubatizo, alisema ng'ombe wake alikuwa anazaa. Mara ya pili alisingizia tumbo. Mara ya tatu hakusema lolote. Alionekana tu kwenye soko la Keumbu akizubaa mbele ya duka lililofungwa, huku wenzake wa darasa la ubatizo wakitumbukizwa mtoni mmoja mmoja. Mara ya nne alijitahidi, akafika hadi ukingoni. Akawatazama wanaume waliokuwa wakitoka majini, kanzu zimewaganda mwilini, kila kitu walichonacho na wasichonacho kikiwa wazi. Akageuka, akapanda kilima bila kuaga mtu, akaenda kuketi katikati ya michai yake mpaka nyimbo zilipoisha.

Kwa watu wa kijiji chake cha Nyaramba, mwanamume akikimbia maji mara nne, lazima ana jambo. Wengine walisema ana mke wa pili mjini Keroka. Wengine walisema ni pombe. Kulikuwa na mama mmoja aliyeapa kwamba marehemu babake Masese ndiye aliyemlisha kiapo asiguse maji ya kanisa, na mama huyo alieleza hata siku na saa, ingawa wakati huo alikuwa bado hajaolewa huku.

Ukweli ulikuwa mfupi kuliko hayo yote. Masese alikuwa na matiti. Tusitie chumvi, hayakuwa makubwa. Yalimwota akiwa darasa la saba. Mamake akasema yataisha yenyewe, na hayakuisha. Wavulana walipokwenda kuoga mtoni walimwita Shangazi, na jina hilo likamfuata mpaka shule ya upili, ambako alifika akidhani ameliacha nyuma. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alikuwa mtu wa nguvu zake, anayebeba gunia la majani chai mgongoni bila kupumzika njiani. Lakini alivaa fulana mbili chini ya shati, hata Januari jua linapowaka, na alipojenga nyumba, bafu lenye komeo la ndani lilikamilika kabla ya jikoni.

Kwa sababu ya mambo hayo, Masese alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeijua. Alipokutana na mwanamume yeyote, macho yake yalianzia kifuani kabla ya kufika usoni. Alijua nani ana kifua bapa, nani amejaa, nani amebonyea. Kwenye kituo cha kupimia majani chai, wengine walipokodolea macho mizani, yeye aliangalia mashati. Hakuwa akiangalia kwa ubaya. Alitaka tu kujua kama kuna mwingine, na katika miaka yote hiyo hakuwa amempata.

Jumapili moja alasiri wazee wa kanisa wakamjia nyumbani. Aliyetangulia alikuwa Mchungaji Odero, mtu wa upande wa ziwani asiyejua lugha ya pale, na kwa ajili yake mazungumzo yote yakawa ya Kiswahili. Nyuma yake alikuja mzee Momanyi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto, kisha Haron, shemasi anayetunza kanzu za ubatizo. Gladys, mke wa Masese, akawaletea uji na ndizi mbivu, halafu akakaa karibu na mlango ili asipitwe na neno.

"Ndugu Masese," Momanyi alianza, "kuna kitu inakushika mguu. Wewe sema tu. Hapa hakuna mtu wa kukucheka."

Masese alijua kwamba hilo halikuwa kweli. Alitazama ukuta, akatazama uji, akatafuta dhambi ndogo ya kuwapa ili waende zao.

"Ni chai," alisema. "Mimi hunywa chai. Ya rangi, tena kali."

Mchungaji Odero aligeuka akatazama nje dirishani, ambako kilima kizima kilikuwa michai kuanzia chini hadi juu. "Chai kanisani kwetu hatuisifu," alisema taratibu, "lakini sijawahi kuona ikimkimbiza mtu mtoni mara nne."

"Na ugoro," Masese akaongeza.

Hakujua neno hilo limetoka wapi. Momanyi alijiweka vizuri kitini kama mtu aliyeandaliwa chakula, maana sasa kulikuwa na kitu cha kuombea. Waliomba kwa muda mrefu. Wakakubaliana kwamba Masese apewe miezi miwili ya kuacha, Haron awe akimtembelea kila Jumatano kumtia moyo, na Sabato ya mwisho ya makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya kila mwaka, abatizwe. Masese aliitikia amina kwa sauti. Kwa mara ya kwanza tangu wafike alipumua vizuri, na papo hapo akajionea haya.

Wageni walipoondoka, Gladys alimgeukia mumewe.

"Baba Nyanchera, huo ugoro unauweka wapi?"

"Nilikuwa nauficha kwa shamba."

"Shamba gani?"

"La juu."

Gladys alikuwa amemfulia mashati miaka kumi na tisa. Kesho yake akapanda shamba la juu, akapekua chini ya migomba na kwenye kila pango la mawe, akarudi mikono mitupu. Kuanzia hapo kila shati alilinusa kabla ya kulitia majini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Masese wasiwasi zaidi. Alikuwa anataka kuelewa ni mtu wa namna gani anayekiri kosa ambalo hakulifanya, na ni lipi basi alilolifanya.

Binti yao Nyanchera, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, naye alikuwa kwenye darasa la ubatizo. Jioni moja alimfuata babake zizini.

"Tata, nimeambia mchungaji niingie na wewe siku moja. Tushikane mikono."

"Wewe tangulia tu. Mimi nitakuja."

"Umesema hivyo mara nne. Usipoingia, na mimi naacha mpaka uingie."

Aliyasema bila kelele, kisha akachukua ndoo ya maziwa akaenda. Masese alibaki na ng'ombe. Alijua binti yake si mtu wa kutisha bure, na alijua kwamba sasa aibu yake haimfungi yeye peke yake.

Jumatano iliyofuata hakumngoja Haron aje. Alikwenda mwenyewe hadi kwake, nyuma ya karakana yake ya kuchomelea vyuma pale sokoni, akamwomba amwonyeshe kanzu. Haron alifungua sanduku la bati bila kushangaa.

"Wanaume wote huja," alisema. "Wanawake huuliza kama kanzu itaelea juu, nawaonyesha vyuma nimeshonea kwa pindo, basi wanaenda. Lakini wanaume! Kila mmoja anakuja peke yake, kila mmoja na swali yake."

"Swali gani?" Masese aliuliza, akijikuta ameketi.

"Majina sitaji. Kuna mwalimu alitaka yenye kola, ana kovu ya moto kwa shingo. Kuna wa bodaboda alikuja na mkanda mpana, akaniuliza akijifunga ndani kama tumbo bado itaonekana. Kuna jitu moja, dereva wa lori, ukimwona unapisha njia. Huyo alitaka kuingia na viatu. Hataki watu waone vidole vyake."

"Viko namna gani?"

"Ni vidole tu. Na kuna mzee wa upara, aliomba abatizwe na kofia."

Masese alicheka mpaka akashika mbavu. "Mlimruhusu?"

"Mchungaji alikataa. Yule mzee alilia hapo ulipoketi."

Masese akaacha kucheka. Aliuliza tena kuhusu dereva wa lori, na mwalimu, na kama walirudi kusema lolote baada ya ubatizo. Alitaka kujua yote. Miaka thelathini alikuwa amewachunguza wanaume kifuani, kumbe mmoja alikuwa akichungulia vidole, mwingine matumbo, mwingine nywele, na hakuna aliyemwona mwenzake. Jambo hilo lilimstaajabisha kiasi kwamba akasahau kujilinda.

"Mimi sijawahi kunusa ugoro," alisema, na kabla hajapata nafasi ya kujizuia akamwaga mtama wote, kuanzia Shangazi hadi fulana mbili.

Haron alisogeza sanduku kando. Aliinama akapandisha mguu wa suruali yake. Ndani yake kulikuwa na suruali nyingine, na alipoipandisha hiyo pia, ikatokea ya tatu.

"Miguu yangu ni ile ya korongo," alisema. "Tangu Form Two."

"Mkeo anajua?"

"Si ndiye anafua."

Walitazamana, wakacheka tena, safari hii kwa upole. Kisha Haron akachimba chini ya sanduku, akatoa kanzu ya buluu iliyokolea, nzito kuliko zote.

"Chukua hii. Lakini sikudanganyi, ndugu yangu. Ikilowa inashika. Zote hushika."

Sabato ya mwisho ya makambi ikafika, na watu wakajaa mtoni pande zote mbili. Masese alisimama kwenye foleni na kanzu yake ya buluu, mkono wake umeshikwa na Nyanchera. Alikuwa ameamua kujikaza kisabuni: ataingia, atatoka, atajifunika leso ya Gladys, na mambo yataishia hapo. Kuhusu ugoro, ungekufa wenyewe.

Hakuwa amemhesabu Momanyi. Ilipofika zamu yao, mzee huyo alipanda juu ya jiwe, akainua mikono.

"Wapendwa, Sabato njema. Huyu ndugu mnayemwona alikuwa mfungwa wa ugoro. Tumefunga, tumeomba. Leo yuko huru. Ndugu Masese, hebu ambia kanisa, ugoro umekutoka?"

Watu wote wakamgeukia. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, ndiyo, na maji yalikuwa hatua tatu mbele. Masese alitazama mkono wa binti yake ndani ya mkono wake. Akaona kwamba akilisema neno lile, atakuwa anamwingiza mtoto wake majini huku amemshikisha uongo. Hakuwahi kuogopa namna ile, hata siku za Shangazi.

"Haukunitoka," alisema, "kwa sababu sikuwa nao. Niliwadanganya wazee. Nilikuwa naona haya, kifua changu ni kama cha mwanamke. Sikutaka mkione kikilowa. Ni hivyo tu."

Mtu mmoja akacheka upande wa pili wa mto, akanyamazishwa. Momanyi alibaki juu ya jiwe mikono ikiwa hewani, hajui aishushe vipi. Macho ya Mchungaji Odero, aliyekuwa tayari majini, yalishuka kifuani kwa Masese, kama yanavyoshuka macho ya kila mtu akitajiwa kitu, kisha yakarudi usoni na kutulia hapo.

"Vua viatu," alisema. "Na mshike vizuri huyo binti, chini kuna utelezi."

Wakaingia. Maji yalikuwa baridi ya kuuma. Masese alizama, akaibuka, kanzu ikamshika mwili mzima kama Haron alivyosema, na akapanda ukingoni hivyo hivyo kwa sababu Nyanchera alikuwa amemng'ang'ania shingoni akilia na hakukuwa na mkono wa kujifunika.

Alasiri hiyo, baada ya kula, mtu akatuma picha ya ubatizo kwenye kundi la kanisa la WhatsApp. Masese aliifungua. Kifua chake kilikuwa pale, katikati kabisa. Akangoja maneno ya watu, na maneno yakaja. Momanyi alikuwa wa kwanza: tafadhali futa, tumbo langu limetokea vibaya. Akafuata mwalimu mmoja aliyesema shingo yake imepigwa upande mbaya. Mwingine akaomba akatwe kuanzia magotini. Hakuna aliyemtaja Masese.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampelekea Gladys simu jikoni. "Ona hawa watu," alisema. "Kila mmoja anajiangalia yeye."

Gladys alisoma yote, akamrudishia simu. Yeye hakucheka. Alikuwa hajasema neno kuhusu jambo lile tangu mtoni.

"Baba Nyanchera," alisema, "tangu unioe, lazima taa izimwe kwanza ndipo uvue shati. Hata sijawahi kuuliza."

"Sasa umejua ni kwa nini."

"Sasa nimejua." Alipangusa mikono kwa leso yake polepole. "Miaka kumi na tisa nilifikiri ni mimi hutaki kuona."

Masese aliweka simu chini. Aliweza kukuambia kila mwanamume wa Nyaramba ana kifua cha namna gani, na hakuwa amewahi kumuuliza mkewe hata mara moja anawaza nini gizani. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye, akamwomba amwambie yote tangu mwanzo.