Jina Lililoitwa Kisimani

Clemensi aliiweka kompyuta juu ya meza ya Nareyu ikiwa imefungwa kwa kitambaa cha mezani cha kambi yake ya watalii, kitambaa cheupe chenye picha ya twiga. Ilikuwa siku ya mnada, Karatu imejaa vumbi na mbuzi, na Nareyu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kubadilisha kioo cha simu ya mwalimu. Alikifungua kitambaa. Ndani kulikuwa na ubao mdogo wa kijani unaoenea kwenye kiganja, nyaya mbili, na sisimizi waliokufa.

"Hii ndiyo inayofungua na kufunga maji kule Oloipiri," Clemensi alisema. "Radi ilipiga, kadi yake ikaungua. Kijana wa ofisini ameweka Linux mpya, ile programu mama ya kuiendesha, lakini programu ya maji inakataa kujengeka. Inaleta makosa tu, ukurasa hadi ukurasa. Bwawa la wageni limekauka, dada yangu."

"Nani alikwambia uje kwangu?"

"Si yule kijana wenu aliiandikia hapa hapa kwako? Mimi sina kinyongo na familia yenu. Yaliyopita yamepita."

Aliyasema hayo kwa macho makavu kabisa, kisha akaagiza soda.

Yule kijana wenu alikuwa kaka yake Nareyu. Kiangazi kilichopita Clemensi alimtuma ashuke kwenye shimo la pampu akabadilishe valvu iliyokwama. Kaka aliomba umeme uzimwe kwanza. Aliomba kwa redio ya mkononi, akaomba tena, na Simel, mlinzi wa geti, alisikia. Clemensi akajibu kwamba wageni wako majini na muziki unapigwa, umeme hauzimwi. Kaka alitolewa shimoni kwa kamba ya kufungia ndama.

Kwenye mkutano wa kijiji Clemensi alisimama akasema kijana alikuwa anaiba nyaya za shaba. Watu wa kijiji, ambao ng'ombe wao walikunywa kwenye birika la kambi, walitazama chini. Simel naye alitazama chini. Wenzake wa rika hawakuja kuzika. Mama yao, Seenoi, alimzika mwanawe kama mwizi, na tangu hapo akawa anakwenda kuchota maji mtoni, mbali, ili asikutane na mtu birikani. Nareyu alitaka kitu kimoja tu duniani: Clemensi asimame kwenye mkutano uleule, mbele ya watu walewale, aseme kaka yake hakuiba. Mpaka siku ile ya mnada hakuwa na namna ya kumlazimisha.

Kwao jina la mtu aliyekufa haliitwi. Husemwa "yule wetu", au "baba wa fulani", na maisha yanaendelea. Anayeitwa kwa jina lake huja, ndiyo maana haliitwi, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Sasa, ile programu ya maji ilitegemea laibrari moja, yaani kipande cha programu ambacho kazi yake ni kusoma mwendo wa maji kwenye bomba na kusukuma valvu. Kaka aliiandika mwenyewe na, kwa majivuno ya ujana, akaipa jina lake. Baada ya mazishi Nareyu aliketi na laptopu ya marehemu akalitoa jina lile kila mahali alipolikuta, faili moja baada ya jingine, akaandika "wetu" mahali pake. Fundi wa Dar angemcheka. Lakini fundi wa Dar hakuwa na kaka aliyezikwa Oloipiri.

Clemensi alipokwenda kutafuta nyama choma, Nareyu aliichomeka kompyuta akaanza kuijenga programu, yaani kuyageuza maandishi yake yawe lugha ya mashine. Kosa la kwanza lilikuwa la kawaida: kumbukumbu ilikuwa ndogo, ujenzi ukifika katikati mashine inaganda. Aliiazimia nafasi kwenye flashi. Kosa la pili: kulikuwa na vipande vilivyojengwa kwenye laptopu, na chipu ya laptopu na ya ubao ule hazielewani hata kidogo. Alivifuta vyote ili vijengwe upya juu ya ubao wenyewe, polepole kama maharage makavu jikoni. Kosa la tatu lilikuwa faili lililokosekana, akalipakua kwa bando la simu yake.

Kosa la mwisho lilibaki peke yake kwenye kioo. Programu ya kambi ilikuwa inaiita laibrari kwa jina la zamani, na laibrari ya jina hilo haikuwepo. Jina lilikuwa pale, herufi nyeupe kwenye kioo cheusi. Nareyu hakuwa ameliona tangu mazishi.

Njia ya kulitengeneza ilikuwa nyepesi. Angefungua programu ya kambi, akalitoa jina humo pia, akaandika "wetu", kazi ya kikombe kimoja cha chai. Ndivyo dada mwenye adabu angefanya. Nareyu alimtazama Clemensi ng'ambo ya barabara, anavyomcheka mwenye nyama huku akifuta mafuta kidevuni, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Akarudi kwenye laibrari, akafuta "wetu".

Akaandika Kimaren.

Mashine ilijenga bila kosa hata moja. Kila valvu ilipotakiwa kufunguka au kufungika, programu ingeliita jina lile, mchana kutwa na usiku kucha. Nareyu aliifunga kompyuta kwenye kitambaa cha twiga na kumkabidhi mwenyewe.

Kesho yake Simel alipiga simu.

"Dada, ndugu yetu amekuja."

"Amekuja saa ngapi?"

"Tulipowasha tu mashine. Alitoka kwenye shimo la pampu. Ana ile shuka tuliyomzikia."

"Mliyomzikia nyinyi? Wewe hukuja, Simel."

"Kweli. Ile shuka mliyomzikia. Ameloa chapachapa. Nimpe nini?"

"Mpe kiti."

Simel akamwekea kiti kando ya bwawa. Kimaren aliketi akatumbukiza miguu majini, na maji yakashuka mpaka bwawa likabaki vigae vitupu. Kila walipolijaza aliketi, na kila alipoketi lilikauka. Wageni walipopita karibu aliwaambia kwa upole, kwa Kiswahili na Kiingereza chake cha sekondari: "Niliomba wazime umeme." Wageni walisema asante. Mmoja alimpa taulo.

Clemensi alirudi Karatu kabla wiki haijaisha. Safari hii hakuagiza soda.

"Dada Nareyu, mtoe."

"Nani?"

"Kimaren." Alilitamka vizuri. Alikuwa amelizoea, maana kambini sasa liliitwa tangu asubuhi. "Ananifuata mpaka mezani. Amelowesha mazulia yote. Nilimwita fundi kutoka Arusha, amelitoa jina, mashine ikakataa kujengeka. Akalirudisha, ikakubali."

"Nenda kwenye mkutano wa kijiji. Sema hakuiba. Sema aliomba umeme uzimwe, nawe ulikataa. Siku hiyohiyo nitakuja na laptopu nilitoe jina, na atakwenda kulala."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Clemensi alifikiri. Kwa kweli alifikiri, haki yake tumpe. Alitazama barabara, akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa na unyevu.

"Hilo haliwezekani," alisema, akaondoka.

Nareyu alicheka peke yake, kicheko kibaya. Alijua mtu hawezi kuishi na maiti mezani. Alimpa mwezi.

Lakini Clemensi alikuwa mtu wa biashara. Alilifunika bwawa kwa mbao, akapanga meza juu yake. Akamvalisha Kimaren fulana ya kambi yenye twiga, maana shuka ilikuwa inawatia wageni simanzi. Kwenye ratiba ya jioni, kati ya kutazama machweo na chakula, akaandika: kumtembelea marehemu. Wageni wakaongezeka. Waongozaji waliwasimulia kwamba huyu ni mwizi aliyekufa akiiba nyaya za shaba, na Kimaren, ameketi palepale, alisema, "Niliomba wazime umeme," na wageni wakapiga picha.

Nareyu alipopata habari hiyo alipanda gari kwenda Oloipiri. Akaanzia kwa mama yake. Seenoi alikuwa anashona shanga mlangoni, na hakuinua macho.

"Umemwita," alisema.

"Nimemwita, Yeyo, mama yangu."

"Nalisikia mpaka huku, upepo ukitoka kambini. Hata wapishi wanaliita." Aliuma uzi kwa meno. "Basi mpelekee shuka kavu."

Kimaren alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile, kwenye ukingo wa mbao, maji yakimdondoka kwenye vidole. Alimsogezea dada yake nafasi. Nareyu akamvua ile fulana ya twiga na kumfunika shuka, ikaloa hapohapo.

"Wenzangu wanapita," Kimaren alisema. "Wananisalimia vizuri tu. Bado wanaficha simu zao, nisije nikaiba."

"Nimesikia."

"Huyu Clemensi hatasema, Nareyu. Mimi nimekaa naye, namjua sasa. Atazeeka hivihivi."

"Atasema."

"Nimechoka. Hii mashine inaniita kila nikisinzia." Alielekeza kidevu kwenye kibanda cha pampu, ambako taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima. Aliongea kwa upole uleule aliokuwa nao kwa wageni. "Wewe unaijua. Nakuomba uzime umeme."

Nareyu alimpenda kaka yake kuliko mtu yeyote. Alimshika mkono, mkono wa baridi kama chuma cha ndoo asubuhi, akaukausha kwa upindo wa nguo yake, na ukaloa tena. Ng'ambo, kwenye meza ya mwisho, Clemensi alikuwa anawamiminia wageni mvinyo. Alimwona Nareyu akampungia mkono.

"Bado," Nareyu alisema.

Akainuka, akaingia kibandani. Aliifuta kompyuta vumbi, akakaza nyaya zake, akahakikisha kila kitu kinakwenda sawa. Kisha akatoa begini betri ya akiba aliyokuja nayo kutoka Karatu na kuiunganisha, ili hata umeme ukikatika, mashine iendelee kuita.