Mimi Ndiye Niliyekuwa Mwangwi

Wakati wa babu yangu, watu wa mjini waliopita hapa kwetu walifumba macho. Si utani. Walikuwa wakivuka milima kwenda Italia kwa biashara zao, na babu alikuwa akiwabeba kwenye kiti mgongoni. Wakifika kwenye genge wanajifunika uso na kumwomba Mungu awatoe salama katika takataka hizi za mawe. Kwao mlima ulikuwa chunjua usoni mwa dunia. Babu akiwashusha upande wa pili, wanalipa, kila mtu na hamsini zake.

Wakati wa baba wakaja wengine, wenye kamba na mirija ya kioo. Hao hawakuogopa, walipima. Walipima mlima, wakapima theluji, wakapima hata kichwa cha baba. Waliamini kila kitu duniani kina hesabu yake, na ukishaipata umemaliza. Walikuwa wanachosha, lakini walikula vizuri na kulala mapema.

Halafu ndio wakaja hawa wa kwangu. Sijui huko chini kulitokea nini. Nasikia watu waliandika vitabu wakasema akili imetuchosha, sasa ni zamu ya moyo. Anayetaka ukweli asiulize mwalimu, aulize upepo, aulize mtoto mchanga, aulize mchunga ng'ombe. Basi vijana wakaacha kukata nywele, wakapanda huku kutafuta upweke. Kila mmoja alikuja peke yake, akakuta vyumba vimejaa kwa sababu wapweke wenzake wamemtangulia.

"Dada Trini," waliniuliza, "unahisi nini moyoni ukiona jua linachomoza juu ya theluji?"

"Nahisi ng'ombe hawajakamuliwa."

Wakafurahi hao, wakaandika! Eti hiyo ndiyo hekima ya watu wasioharibiwa na shule. Jamani.

Kilichowaleta hasa kwetu ni mwangwi. Mbele ya nyumba yetu ya wageni kuna jiwe limechomoza juu ya korongo. Ukisimama pale ukapaza sauti, jabali la ng'ambo lilikuwa likikurudishia maneno mara tatu, na vitabu vya wasafiri vilikuwa vimelisifu. Kisha mwaka mmoja theluji ilipoyeyuka, jabali lile likaporomoka lote korongoni, na mwangwi wake ukaenda nalo. Kaka yangu Christen, mwenye nyumba, akakaa kizingitini akashika kichwa. Bila mwangwi hakuna wageni. Bila wageni, mimi na yeye tushuke bondeni tukawe watumishi wa binamu yetu, ambaye mkewe hufungia mkate kabatini na kulala na ufunguo.

"Trini," akasema Christen, "wewe una sauti."

"Ninayo, na ukiendelea kunitazama hivyo utaisikia."

"Basi nenda ukaitumie ng'ambo."

Ndivyo nilivyokuwa mwangwi. Nilikuwa nikizunguka kwa njia ya mbuzi hadi upande wa pili, nikajibanza nyuma ya jiwe kubwa na ndoo yangu. Na kazi ya mwangwi si mchezo. Mgeni akipaza sauti, nasubiri kidogo, narudisha maneno yake ya mwisho kwa nguvu. Mara ya pili nageuza uso. Mara ya tatu natia kichwa ndani ya ndoo. Mgeni akipiga chafya, na mimi chafya. Walipokuja Wafaransa nilirudisha nisichokielewa, nikaambiwa baadaye nimetukana vizuri sana. Nilipopata mafua, mlima ulikohoa kutwa. Christen akawaambia wageni kwamba mlima umezeeka na baridi ya mwaka huu ni kali.

Msidhani nilifurahi. Mimi ni mtu wa maneno, mama alinizaa nikibisha. Leo nikae nyuma ya jiwe nikisema ya wenzangu tu! Mtu anasema "Ee mateso matamu!" na mimi: matamu, matamu, matamu. Nilikereka mpaka meno yakauma.

Ndipo akaja Hartwig, mtoto wa mwanasheria wa Göttingen huko Ujerumani, kijana mwembamba kama ufito, na joho jeusi linaloburuta. Alikuwa mweupe kupita kiasi, na wageni wakanong'ona kwamba ni huzuni inamla. Ilikuwa ni unga wangu. Nilikuta alama za vidole vyake kwenye pipa. Mezani hakugusa kitu, kwa sababu kula ni mambo ya mwili. Lakini jibini langu la jikoni lilikuwa likipungua, na panya wa kwetu hawakati kwa kisu.

Tatizo lake lilikuwa msichana mmoja, Henriette, aliyemwacha akaolewa na muuza dawa. Kila asubuhi Hartwig alisimama kwenye jiwe akauhadithia mlima habari hiyo, na kila asubuhi mimi nikairudisha. Mwanzoni nilicheka ndani ya ndoo. Lakini ukirudia maneno ya mtu kila siku, yanakuingia. Chini ya upuuzi wote ule kulikuwa na mtoto wa watu aliyeumia kweli, ila hakujua kuumia kwingine zaidi ya kule alikokusoma vitabuni. Nikaanza kumpenda kama mtu anavyompenda mpwa wake mjinga.

Asubuhi moja Christen akaja zizini nikikamua, anacheka.

"Leo una kazi, dada. Bwana mdogo ametangaza mezani anakwenda kuuliza mlima kama afe au aishi. Ukisema afe, anajitupa korongoni."

"Na wewe unacheka?"

"Hawa? Hufa kila wiki, na jioni wanaomba viazi."

"Na akiuliza, nimjibu nini?"

"Atakachosema. Mwangwi hauchagui, Trini."

"Akisema 'nife'?"

Hapo kicheko kikamwisha. Akakuna shingo. "Bibi Adelgunde atakuwepo," akasema.

Huyu Bibi Adelgunde alikuwa mjane wa kitajiri kutoka Dresden, amekuja na sanduku zima la vitambaa vya kufutia machozi, na alikuwa akiwaandikia barua nusu ya matajiri wa Ujerumani.

"Akijua mwangwi wetu ni wewe na ndoo," Christen akasema, "tumekwisha. Tutamenya viazi kwa binamu mpaka tufe."

"Afadhali nimenye viazi kuliko kumwambia mtoto wa mtu afe."

"Hatakufa, nakwambia! Ni maneno tu!"

"Unajuaje?"

Akanisogezea ndoo kwa mguu. Nikachukua ndoo nikaenda. Nilikuwa na hasira naye, na hofu.

Nilipojibanza nyuma ya jiwe langu nikachungulia kwenye ufa wake, nikawaona wote ng'ambo. Bibi Adelgunde ameketishwa kwenye kiti chenye mto, kitambaa tayari. Christen amesimama nyuma yake. Na Hartwig juu ya jiwe, joho linapepea, uso umepakwa unga mpaka masikioni.

"Ee Mlima!" akaita.

"Mlima," nikarudisha. "Mlima, mlima."

"Dunia haina nafasi yangu!"

"Nafasi yangu. Yangu, yangu."

"Henriette amekwenda kwa muuza dawa!"

"Muuza dawa," nikasema, na Mungu anisamehe, nilibana pua nisicheke. "Dawa, dawa."

Akanyoosha mikono. Sauti ilikuwa imebadilika sasa. Haikuwa ile ya kujionyesha. Ilikuwa ndogo, na ilikatika katikati.

"Niambie basi. Nife?"

Nikanyamaza. Nikauma mtandio wangu nikanyamaza. Nikamwona Christen akinipungia mkono kwa siri, fanya, fanya.

"Mlima! Nakuuliza! Nife?"

Kimya. Bibi Adelgunde akashusha kitambaa chake, kwa mara ya kwanza hajui alie wapi.

"Hata wewe!" Hartwig akapiga kelele. "Hata wewe umeninyamazia! Basi kunyamaza ni kukubali!"

Akavua joho. Akalikunja vizuri, pindo kwa pindo, akaliweka pembeni lisichafuke. Akavaa kofia sawasawa. Halafu akapiga hatua moja mbele, na nikaona vijiwe vikiporomoka chini ya kiatu chake.

Uvumilivu ukaniisha papo hapo. Nilisikia sauti yangu ikitoka kabla sijaituma.

"WE HARTWIG! Rudi nyuma! Rudi nyuma, mtoto wewe, kabla sijaja hapo nikakuzaba kofi! Mama yako amekubeba tumboni, amekunyonyesha, amekufulia hizo soksi, leo unataka ukavunjikie kwenye mawe kwa ajili ya muuza dawa? Rudi ukale! Na uache kuiba jibini!"

Hartwig akaruka kinyumenyume, akaanguka makalio juu ya joho lake. Nikashusha pumzi. Halafu nikakumbuka nyumba yetu, nikasema moyoni, basi, viazi hivyo.

Kumbe Bibi Adelgunde amepiga magoti. "Mlima umesema!" analia, machozi ya kweli yanashuka mpaka kidevuni. "Maumbile yamefungua kinywa!"

Christen, huyo ndugu yangu, hakupoteza nafasi. "Ndiyo, mama," akasema kwa unyenyekevu. "Hufanya hivyo mara chache sana. Una bahati."

"Lakini mbona unasema kwa lafudhi ya hapa kijijini?"

"Kwani mama, mlima ni wa wapi?"

Hilo likamtosha. Akaomba kesho yake na yeye akaripiwe, maana ana mengi anastahili kukaripiwa, na ana rafiki zake watakaokuja kwa ajili hiyo hiyo tu. Christen akamwambia itategemea mlima umeamkaje. Nilimsikia mpaka ng'ambo, mwongo mkubwa yule, nikajua viazi vya binamu vimetupita.

Lakini Hartwig hakuwa mjinga kiasi hicho. Mlima unaomjua mtu kwa jina, sawa. Mlima unaojua habari za jibini, hapana. Akaiona njia ya mbuzi akaifuata, na nikiwa bado nimekaa nyuma ya jiwe nakusanya nguvu, akatokea mbele yangu, anahema.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Asubuhi zote zile?"

"Zote. Hata ile ya mvua, uliposema mlima unalia pamoja nawe. Nilikuwa nalia kweli. Viatu vilikuwa vinavuja."

Akaiangalia ndoo yangu. "Nilidhani kuna kitu kikubwa huko nje kinachohisi ninachohisi! Nilidhani maumbile yananielewa! Kumbe ni mama na ndoo!"

Haki ya Mungu nikapandwa na hasira. Mtu nimemwokoa roho, ananitajia ndoo!

"Sikiliza, we mtoto. Mume wangu Melchior alianguka kwenye korongo hili hili akitafuta mbuzi. Hakuwa na joho. Hakumwuliza mtu kama afe, na angeulizwa angesema hapana, nina nyasi za kukata. Siku hizo jabali lilikuwa bado limesimama, mwangwi wenyewe, ule wa vitabuni. Nilisimama pale pale unaposimama wewe, nikamwita Melchior mpaka koo likakauka. Unajua mlima wako ulinijibu nini? Melchior. Melchior. Melchior. Nilichoupa ndicho ulichonirudishia. Hata pole haukuongeza. Na wewe leo ungeuuliza mlima wenyewe, ungekurudishia hilo hilo neno lako baya, kisha mlima ungekaa pale pale ukitazama theluji. Aliyekukataza kufa ni mtu. Sasa niambie, ulitaka jibu lipi?"

Alikaa chini kwenye matope akaanza kulia. Na hakulia kama wanavyolia wageni wetu, chozi moja kwenye pembe ya jicho, likisubiri kutazamwa. Alilia kwa kamasi na kwikwi, mabega yanapanda na kushuka, unga wote unageuka uji usoni. Hasira ikaniisha. Nikakaa kando yake nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa, na ninaogopa bado.

Akavuta kamasi. Nikajiandaa, maana nilijua sasa ataanza tena habari za Henriette.

"Mama Trini," akasema, anafuta pua kwa mkono wa shati. "Yule mbuzi alipatikana?"

Tangu Melchior afe nimepewa pole za kila namna. Mchungaji wa kanisa aliniambia ni mapenzi ya Mungu. Wapweke wawili watatu waliliandikia genge mashairi, wakanisomea. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za mbuzi.

"Hakupotea," nikamwambia. "Alikuwa zizini. Nyuma ya mlango, amelala."

Akanitazama. Akajaribu kujizuia, masikini, nikamwona anavyojitahidi, lakini kicheko kikamponyoka, na mimi kikaniponyoka. Tulicheka mpaka nikashika jiwe nisianguke. Katikati ya kicheko nikagundua ninamlilia Melchior kwa sauti, kama sijawahi kumlilia tangu tumzike. Hartwig alinishikia ndoo tu mpaka nikamaliza.