Taulo za Mtaa wa Plasta

Saa mbili asubuhi, Shizue, fundi wa kujenga vijumba vidogo vya kupigia sinema, alikuta nguo zimeanikwa kwenye mtaa alioujenga kwa plasta. Shuka moja lilitoshana na stempu. Mtaa ulikuwa mfano wa mtaa wa kwao Hiroshima, kaujenga kwa kukumbuka tu, na aliyekuwa akianika ni mama yake, ambaye hakuonekana tena tangu bomu, miaka tisa iliyopita.

"Mzee, mtaa una watu," alimwambia Muraki, mwongozaji.

Muraki akainama, akatazama. "Nani kawaleta?"

"Hakuna."

"Basi wasiangalie kamera."

Saa tano zimwi la baharini lilitakiwa kuukanyaga mtaa huo. Zimwi lenyewe ni Iwao, mtu mpole asiyeweza kuua hata mende, ndani ya vazi la mpira zito kama gunia la mchele.

"Dada Shizue, mwenzio nimechanganyikiwa. Nikanyage au nisikanyage?"

"Usikanyage, kaka. Yule mama yangu."

"Lakini nimeambiwa nikanyage."

"Najua umeambiwa," Shizue alisema.

Sasa, kwetu sisi, anayetaka kuwasumbua majirani kwa kelele za ujenzi hupita kwanza nyumba hadi nyumba akigawa taulo, kuomba radhi mapema. Iwao alikata leso yake vipande ishirini, akapiga magoti na mkia wake, akabisha kila mlango kwa ukucha.

"Samahanini sana, leo nitawasumbua kidogo."

Wakapokea kwa mikono miwili, wakainama. Mama yake Shizue aliifua taulo yake papo hapo, akaianika. Adabu ilikamilika, jamani, haikupungua hata chembe. Wa kusema tuache tu kuukanyaga mtaa hakupatikana.

Saa tano Iwao alikanyaga. Alilia humo ndani, lakini kichwa cha zimwi hakina pa kutokea machozi.

"Vumbi limeingia kwenye kamera," alisema Muraki. "Tunarudia Alhamisi."

Shizue aliujenga mtaa upya, akianza na nyumba ya kwao. Alhamisi asubuhi mama yake alitoka na beseni.

"Mama, hama!" Shizue alisema, mdomo karibu na paa. "Nakuomba, hama leo hii!"

"Nihamie wapi, mwanangu? Taulo ya watu bado mbichi."

Saa tano kasoro robo Iwao aliingia na leso nyingine, akaomba mkasi. Shizue akampa.