Vyuo Vilivyokuja Kuposa Nsemulwa

Scolastica alikuwa uani kwake, mtaani Nsemulwa, akipepeta dagaa, mchanga ukienda na upepo, dagaa wakibaki kwenye ungo, Ndugu Obadia alipopiga hodi akiwa na kitabu kinene kwapani. Obadia alikuwa ofisa wa mfuko mmoja wa ufadhili wa masomo, mtu mpole, shati la mikono mirefu hata kwenye joto la Oktoba. Kitabu kilikuwa mwongozo wa vyuo vikuu vya dunia nzima, kuanzia cha kwanza hadi cha elfu moja, kila kimoja na namba yake.

Yustina, binti mkubwa wa Scolastica, alikuwa amefaulu kidato cha sita vizuri mno. Mfuko ulikuwa tayari kumpeleka kusoma ng'ambo kwa sharti moja tu, kwamba chuo atakachochagua kiwe katika vyuo mia moja vya kwanza.

"Achague mwenyewe, mama," alisema Obadia. "Ana mpaka mwisho wa Novemba."

Yustina alijua anachokitaka. Dagaa wa mama yake walitoka Ikola, kwenye Ziwa Tanganyika, kwa lori wakiwa hawajakauka sawasawa, wakamaliziwa juani hapo uani kabla ya kupelekwa sokoni Mpanda. Mvua ikiwawahi, ndiyo basi tena, gunia zima linaoza na mtaa mzima unajua. Tangu darasa la tatu binti huyo alikuwa akikimbia na turubai ambalo halikutosha, akifunika upande huu na kuacha ule. Alitaka kujifunza namna ya kukausha samaki hata mvua inyeshe mwezi mzima. Hilo tu, na hakuona haya kulisema. Alilitafuta jambo hilo kwenye mwongozo wote, ukurasa baada ya ukurasa, akaona namba, na picha za vijana wanaocheka wakiwa wamekaa kwenye nyasi.

Baba yake, Damiano, fundi baiskeli wa stendi, hakuwa na shida na mwongozo. Aliusoma kama msimamo wa ligi. Kilichoko juu kiko juu, na kilichoko chini kijitazame. Kabla jua halijazama alikuwa ameshawatangazia watu wote, kuanzia stendi mpaka kanisani, kwamba mwanawe anakwenda kwa namba moja.

"Namba moja unamjua?" aliuliza dada yake, Immaculata.

Huyu Immaculata ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo kwenye mambo ya posa. Alikwisha kuoza mabinti tisa na kuwarudisha wanaume wengi kuliko hao, mmoja kwa sababu alikula bila kunawa. Aliuchukua mwongozo, akautazama bila haraka.

"Nyasi nzuri," alisema. "Ila mtoto hatolewi kwa picha, kaka."

Mwishoni mwa kitabu palikuwa na karatasi ya kukata, imeandikwa kwamba anayetaka kujua zaidi aandike hapo. Immaculata aliikata kwa kisu cha jikoni, akaandika kwa herufi kubwa: ANAYEMTAKA BINTI YETU AJE MWENYEWE TUMWONE, JUMAMOSI YA TATU YA NOVEMBA, SAA NNE ASUBUHI. AJE NA MSHENGA. Akaitia posta kwa mkono wake.

Majibu yalikuja wiki ya pili. Vyuo vingi viliomba radhi. Kimoja kilisema kina mitihani, kingine kwamba joto linakisumbua kuta. Vinne vilisema vitakuja.

Vilishuka kwenye treni ya kutoka Tabora. Namba moja, namba tisa na namba sitini na mbili vilisafiri daraja la pili, mizigo yao ikiwa ni maktaba, minara na viwanja. Cha nne kilikuwa namba mia sita na nne, nacho kilisimama kuanzia Kaliua, kikiwa kimempakata kuku wa abiria mmoja aliyeombwa asogee kukipisha. Kutoka stesheni vilikwenda kwa miguu. Watu wa Nsemulwa walivisogeza vichanja vyao vya kuanikia mihogo pembeni ili vipite, na bibi mmoja akakionya namba tisa kiangalie waya wa umeme.

Scolastica ndiye aliyepata tabu ya kutafuta pa kuvikalisha. Alikuwa ametandika turubai na mikeka uani, na juu yake kulikuwa na dagaa wa magunia saba walioingia unyevu njiani kutoka Ikola. Hakuwa na namna ya kuwaondoa. Ikabidi wageni wakae kuzunguka dagaa.

Namba moja kilikuwa na umri wa miaka mia saba na ushee. Yustina alikipigia magoti, akasema, "Shikamoo," nacho kikaitikia marahaba, baada ya Obadia kukielekeza. Kilivua paa langoni kwa heshima na kuliweka mapajani. Mia sita na nne kilikuwa na miaka thelathini na minane tu, mdogo kwa Scolastica kwa miaka sita, kwa hiyo chenyewe ndicho kilichomwamkia. Kilikuwa na kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati lenye viraka viwili. Jambo hilo lilimgusa Scolastica, ingawa hakulisema. Kati ya wote, huyo ndiye aliyelelewa, aliwaza, na akakiongezea chai.

Kwa desturi mposaji hasemi. Mshenga ndiye anayesema. Na kwa kuwa vyuo vyote vilimfahamu Obadia, yeye ndiye aliyekuwa mshenga wa vyote vinne. Alikaa kwenye kigoda, mwongozo magotini, jasho likimtoka.

"Tuanze na mkubwa," alisema Immaculata. "Huyu kawa wa kwanza kwa lipi?"

Obadia alifungua kitabu. "Kwa maandishi ya walimu wake, shangazi. Yanasomwa sana na walimu wa vyuo vingine. Na kwa sifa."

"Sifa kaulizwa nani?"

"Vimeulizwa vyuo vingine."

"Yaani wao wameulizwa habari za huyu, na huyu kaulizwa habari za wao?"

"Ndivyo inavyofanywa."

"Na watoto waliokaa kwake, wameulizwa kama walifundishwa vizuri? Kama wakiumwa mtu anawapelekea uji?"

Obadia alipitisha kidole juu ya jedwali, kushoto kwenda kulia, halafu akarudi. "Safu hiyo haipo."

Namba moja kilitazama paa lake. Damiano alikohoa, akasema kwamba namba moja ni namba moja, na majirani waliojaa kwenye ua wa matete walikubaliana naye kwa sauti.

Immaculata hakubishana. Aliingia kwenye jambo la pili, ambalo kwake lilikuwa jepesi. "Haya. Mahari."

Obadia alieleza, taratibu kama mtu anayetoa habari za msiba, kwamba kwa vyuo mambo ni kinyume. Anayetoa ni binti. Analipia mafunzo, chumba na chakula, na kwa Yustina mfuko ungelipa badala yake.

Immaculata alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Ikabidi aletewe maji. Majirani nao walicheka, na hata namba sitini na mbili kilitikisika madirisha, sijui kwa kuelewa au kwa kufuata wengine.

"Wifi, umesikia?" alisema Immaculata akijifuta machozi. "Wanakuja kuchukua mtoto, halafu wanataka tuwape na mahari juu! Nyie vyuo, kwetu anayekuja kuchukua ndiye anayetoa. Semeni mnatoa nini."

Vitatu vya kwanza vilinong'ona na mshenga. Namba moja kilisema kinatoa jina lake. Namba tisa na sitini na mbili vikasema vivyo hivyo, kwa majina madogo kidogo. Mia sita na nne kilinong'ona naye kwa muda mrefu zaidi. Mwishowe Obadia akasema kwa niaba yake: "Anasema hana kitu kikubwa. Ana chumba, ana chakula, ana walimu wawili wanaojua samaki kuliko wanavyojua kuandika. Yote hayo atatoa bure. Ila dagaa wa Ziwa Tanganyika hajawahi kuwaona, anaomba binti awe anamfundisha."

Damiano aliinamisha kichwa, maana alikuwa akiwaza stendi. Angewaambia nini watu wa stendi? Mia sita na nne haisemeki. Hata kwenye ligi ya mkoa haipo.

Hapo ndipo wingu lilipotokea upande wa Karema. Halikuwa na utani. Upepo ulipiga mara moja, na matone ya kwanza yakaanguka juu ya dagaa kwa sauti ya kokoto.

"Dagaa!" alipiga kelele Scolastica, lakini turubai pekee lilikuwa chini ya dagaa wenyewe. Magunia saba. Biashara yote ya miezi miwili.

Namba moja kilivaa paa lake upesi, kwa kuwa kilikuwa na picha za kale ndani. Namba tisa kilitoa daftari na kuanza kuandika. Namba sitini na mbili kilimuuliza Obadia kama jambo hili hutokea mara ngapi kwa mwaka.

Mia sita na nne kilisimama, kikavua paa lake lenye viraka, kikalitandaza juu ya ua wote, pembe hadi pembe. Halafu kikabaki kimesimama wazi kwenye mvua.

Yustina hakungoja. Alikimbilia ndani yake kupitia mlango mkuu, na kwa dakika nzima watu walimwona madirishani akihamisha vitabu vya maktaba kutoka rafu za juu kwenda chini ya meza. Havikuokoka vyote. Upepo ukakamata pembe moja ya bati, likaanza kupepea, na aliyelirukia na kulishika alikuwa Damiano, ameloa mpaka kwenye soksi. Alilishika mpaka mvua ilipokata, bila kusema neno kuhusu ligi.

Yustina alitoka akitiririka maji na kitabu mkononi.

"Mama, humo ndani kuna chumba cha kukaushia samaki bila jua. Nataka huyu."

"Namba yake ni mia sita na nne, mwanangu," alisema Damiano, lakini taratibu, akiwa bado ameshika bati.

"Nimeiona, baba."

Scolastica alichota dagaa kiganjani, akawabonyeza. Walikuwa wakavu. Alilia hadharani, mbele ya vyuo na majirani, na hakujali. Immaculata akapiga vigelegele, na mambo ya posa yakaishia hapo.

Vile vingine vitatu vilipewa chakula kama ilivyo desturi kwa wanaorudishwa, vikala vizuri. Obadia alikuwa bado kigodani.

"Umeona?" Immaculata alimuuliza.

"Nimeona, shangazi."

"Basi andika huko ofisini kwenu."

Obadia alizitazama fomu zake, mbele na nyuma. "Hakuna mahali pa kuandika," alisema. "Kanuni ni vyuo mia moja vya kwanza. Huyo, mfuko haumlipii hata senti." Aliona aibu ya kweli, na Scolastica alimhurumia, akamfungia dagaa wa kwenda nao.

Nauli ya Yustina ilitokana na yale magunia saba. Mwezi wa pili aliondoka, nacho chuo chake kikampokea stesheni ya upande wa pili kikiwa kimevaa paa lililopungua bati moja. Bati hilo kilikuwa kimeliacha Nsemulwa kwa wakwe. Lilikaa limeegemea ukuta wa jiko, na kila mawingu yalipokusanyika lilijitandaza lenyewe juu ya dagaa. Majirani walianza kuleta wa kwao, pamoja na mihogo, na siku moja nguo za harusi. Yustina alituma picha kwa simu: vichanja vitatu alivyobuni mwenyewe, na walimu wawili wazee wakionja dagaa kwa uso wa watu waliogundua jambo. Damiano aliwaonyesha watu wa stendi picha hizo mpaka wakaanza kumkimbia.

Novemba iliyofuata Obadia alipiga hodi tena. Alikuwa njiani kwenda kwa msichana mwingine aliyefaulu, mtaa wa pili, na kwapani alikuwa na mwongozo mpya. Ule wa zamani Scolastica alikuwa akifungia dagaa wa wateja sokoni. Alianza na ukurasa wa kwanza, na alikwisha kufika mia mbili.

"Nisomee wa kwetu," alisema.

Obadia alitafuta kwa muda mrefu. "Ameshuka, mama. Mia saba kumi na moja."

"Kwa kosa gani?"

Alisogeza kitabu karibu na macho. "Wameandika vitabu vya maktaba vina alama za maji. Na paa lina pengo."

Scolastica aliendelea kupepeta. "Na namba moja?"

"Yupo palepale."

"Na kanuni?"

"Ipo vilevile," alisema Obadia, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza kwamba aliandika barua mbili, nazo zilijibiwa kwa heshima sana.

Upepo uligeuka. Jikoni bati lilikwaruza ukuta, likanyanyuka, likapita juu ya kichwa cha Obadia na kutulia juu ya ua wote. Mvua ikaanza kulipiga.

"Sogea ndani kidogo, utalowa," Scolastica alimwambia.

Obadia alisogea, akachuchumaa kando ya dagaa, mwongozo ameukumbatia kifuani. Mvua ilinyesha saa nzima. Haukulowa hata ukurasa mmoja.